Baiskeli Yangu Inalala Sebuleni: Namna ya Kuifanya Iwe Usafiri wa Kila Siku

Nimeanza kwenda kazini kwa baiskeli mara tatu, na mara mbili za mwanzo niliacha. Ya kwanza nilidumu wiki mbili, ya pili mwezi na siku chache. Njia haikunishinda. Naishi Kange, nafundisha sekondari upande wa Chumbageni, na anayeijua Tanga anajua mji wetu hauna milima ya kumtoa mtu roho. Kutoka kwangu hadi geti la shule ni kilomita 6 na nusu, nusu saa ya mwendo wa taratibu. Magari nayo nilikuwa nimeyazoea.

Kilichoniangusha ni stoo. Baiskeli ilikaa stoo ya uani, nyuma ya gunia la mkaa na madumu ya maji. Asubuhi natafuta ufunguo, nasogeza madumu, naipitisha jikoni watoto wakiwa wanakunywa chai, kisha nagundua tairi la nyuma limelala na pampu imeazimwa na jirani. Dakika 10 zimeshakwenda, na kijana wa bodaboda yuko nje ya geti anapiga honi. Nikapanda bodaboda. Kesho yake hivyo hivyo, na siku ya nne hata stoo sikuifungua.

Mara ya tatu ilikuwa Januari 2019, na jambo la kwanza nililofanya halikuhusu kuendesha. Nilihamisha kochi. Mume wangu aliuliza kama kweli baiskeli italala sebuleni kama mgeni, nikamjibu ndiyo, tena mgeni wa kudumu. Tangu siku hiyo sijaacha. Ndiyo maana maelekezo yangu yanaanzia ndani ya nyumba. Wengi ninaowaona wakiacha wanaachia mlangoni kabla hawajafika barabarani.

Pale mlangoni

Baiskeli ikae mahali ambapo unaweza kuitoa nje kwa mikono miwili bila kusogeza kitu chochote, usukani ukiwa umeelekea mlangoni. Juu yake, ukutani, piga misumari mitatu: mmoja wa ufunguo wa kufuli, mmoja wa helmeti, mmoja wa pampu. Pampu isiazimwe. Nasema hivi nikijua ujirani ni kitu kikubwa, lakini anayetaka upepo namkaribisha aje na tairi lake, nampigia hapa hapa barazani.

Anayeishi chumba kimoja cha kupanga anaweza kuisimamisha baiskeli kwa tairi la nyuma, lile la mbele likapanda ukutani kwenye ndoano moja imara. Inachukua nafasi ya mtu mmoja aliyesimama. Zungumza na mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta. Usikubali kuiacha barazani usiku, hata kama mtaa ni wa watu wema.

Kila jioni kabla ya kulala nafanya mambo mawili tu. Nabonyeza matairi yote mawili kwa kidole gumba, na napanga mfuko wa kesho ukiwa kamili: madaftari, blauzi, taulo dogo, chupa ya maji. Tairi likibonyea nalijaza usiku ule ule. Asubuhi sitaki kufanya uamuzi wowote.

Baiskeli yenyewe

Kwa safari ya mjini kila siku, baiskeli ya mtumba ya Kijapani ni chaguo zuri sana kwa pesa ya mfanyakazi wa kawaida. Zile za kike zenye fremu iliyoinama katikati, kikapu mbele, keria nyuma, kava la cheni, madigadi kamili na dainamo ya taa. Zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa aina yetu, wanaokwenda kazini, sokoni na kumchukua mtoto shule. Phoenix nayo ni imara na inabeba mzigo mzito kuliko zote, lakini ni nzito kwa mtu mwembamba, na nyingi ni za kiume, zenye bomba la juu. Mimi navaa juba. Bomba la juu halinifai.

Baiskeli za kupandia milima, zenye matairi mapana yenye meno, vijana wanazipenda. Kwenye lami yale meno yanakula nguvu zako bure. Kama ndiyo uliyonayo, badilisha matairi yenye meno uweke yaliyo laini, utaona tofauti siku ile ile.

Sasa niwatahadharishe kwa jambo lililonigharimu pesa. Tairi linaitwa "ishirini na sita", lakini ishirini na sita si moja. Tairi la Kijapani lililoandikwa 26 x 1 3/8 halikai kwenye rimu ya baiskeli ya milimani inayotumia 26 x 2.125, japo zote zinaanza na 26. Angalia ubavuni mwa tairi, kuna namba nyingine ndogo ya kipimo cha milimita: ile ya Kijapani inaishia na 590, ile ya milimani inaishia na 559. Hiyo namba ya mwisho ndiyo inayosema ukweli. Ishirini na nane nayo ni vivyo hivyo: Phoenix ya 28 x 1 1/2 ina 635, na baiskeli nyembamba za kisasa zina 622. Piga picha ubavu wa tairi lako uiweke kwenye simu, ukienda dukani mwonyeshe muuzaji picha badala ya kumtajia kwa mdomo. Nilinunua matairi mawili yasiyoingia, na muuzaji alikataa kuyapokea tena.

Nenda kununua pamoja na fundi, mlipe kwa muda wake. Fundi wangu ni mzee wa Ngamiani, ana mwavuli na sanduku la mbao chini ya mwarobaini. Nilipomwendea mara ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo babu, nataka baiskeli ya kwenda kazini kila siku." Aliitikia marahaba, akaniuliza kitu kimoja: "Kila siku kweli, mwalimu, au ya Jumapili?" Nikasema kila siku. Tukazunguka naye maduka matatu. Kila baiskeli aliinua tairi likiwa hewani akalizungusha, akitazama kama rimu inayumba. Alilishika tairi akalisukuma kushoto na kulia kusikiliza kama gololi za ekseli zimelegea. Alibana breki ya mbele akaisukuma baiskeli mbele, akiangalia kama shingo ya usukani inacheza. Kutu ya juu juu hakuijali. Kutu iliyoingia kwenye maungio ya fremu aliikataa hata bila kujadili bei.

Niliinunua shilingi 180,000. Matairi mapya, tyubu, raba za breki ya mbele na cheni vikanigharimu 45,000 nyingine. Wakati ule bodaboda nilikuwa nalipa 1,500 kwenda na 1,500 kurudi, siku 22 za kazi ni 66,000 kwa mwezi. Miezi minne haikutimia baiskeli ikawa imejilipa.

Siti iweke sawa kabla ya safari ya kwanza. Kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu unatakiwa unyooke wote. Ukianza kuendesha kwa sehemu pana ya unyayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Wanaoanza hupenda siti ya chini ili miguu yote miwili iguse ardhi wakisimama. Nakuelewa, anza hivyo wiki ya kwanza, kisha ipandishe kidogo kidogo kila wiki. Maumivu ya magoti ambayo watu huyasingizia umri, mara nyingi yanatokana na siti iliyoshuka mno.

Itafute njia yako Jumapili

Njia ya baiskeli haiwi njia ya daladala. Barabara kuu ya Segera ndiyo fupi kwangu, lakini inabeba malori ya saruji, mabasi ya mikoani yanayokimbilia stendi ya Kange, na bodaboda wanaotoka pande zote. Nilitumia Jumapili mbili, saa 1 asubuhi mji ukiwa mtulivu, kujaribu njia nyingine. Sasa nakaa barabara kuu kwa kipande kifupi tu, nakatiza mitaa ya Mikanjuni, naingia Ngamiani kwenye zile barabara zenye namba, kisha navuka reli kwenda Chumbageni. Nimeongeza dakika 5. Nimepunguza malori yote.

Unapojaribu njia, tazama vitu hivi: mitaro isiyo na mifuniko, mchanga uliolala kwenye kona, mahali ambapo mvua inatuama, mbwa, na watoto wa shule wanavuka wapi. Kisha ijaribu tena siku ya kazi, saa ile ile utakayokuwa ukipita, kwa sababu mtaa ulio mtupu Jumapili unaweza kuwa gulio Jumatatu.

Ngamiani ni raha ya mwendesha baiskeli. Barabara zimenyooka, zimepangwa kwa namba kuanzia ya kwanza hadi ya 21, na ukikuta moja imefungwa kwa msiba au harusi unahamia inayofuata bila kupotea. Hatari yake ni makutano. Kila baada ya nyumba chache kuna njia panda, na kila mmoja anaamini yeye ndiye mwenye haki. Mimi kila njia panda napunguza mwendo, vidole viwili juu ya breki, natazama kulia, kushoto, kulia tena.

Reli inahitaji maelezo yake. Usiipande kwa ulalo hata siku moja. Zungusha baiskeli kwanza mpaka tairi likutane na reli kama herufi T, ndipo uvuke, bila kubana breki na bila kukata kona ukiwa juu ya chuma. Mimi nilianguka hapo Aprili 2019, asubuhi ya manyunyu. Tairi la mbele liliteleza likaingia kwenye mfereji wa pembeni mwa reli, nikachubuka kiganja na goti, madaftari ya Kidato cha Pili yakatawanyika kwenye tope. Walioniinua ni wabeba mizigo wawili ambao hawakunijua. Toka siku hiyo, mvua ikinyesha nashuka, naivusha kwa kuisukuma.

Wiki ya kwanza usiende siku zote tano. Chagua siku mbili, mimi nilichagua Jumanne na Alhamisi, siku ambazo sikuwa na kipindi cha kwanza. Wiki ya tatu nikaongeza Jumatatu. Mwezi wa pili nilikuwa nakwenda siku zote bila kujihimiza, mwili wenyewe ulikuwa unaamka ukijua.

Mavazi na jasho

Hapa ndipo wanawake wenzangu wananiuliza zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Jasho la Tanga halikwepeki, linapunguzwa kwa mwendo. Ondoka mapema. Shule inaanza saa 1:30, mimi natoka nyumbani saa 12:30 na muda wote wa ziada ni wangu. Nikibakiza kama kilomita moja napunguza mwendo makusudi, napanda kama mtu anayetembea, upepo unaukausha mwili kabla sijafika. Mzigo usiubebe mgongoni. Begi la mgongoni linaloanisha blauzi yote. Kila kitu kiende kwenye kikapu au keria, kikifungwa kwa mpira wa tyubu kuukuu. Fundi anakukatia bure kutoka kwenye tyubu iliyochakaa, na hakuna kamba ya dukani inayobana kama ule.

Nikifika naingia maliwato na taulo dogo na chupa ya maji, najipangusa uso, shingo, kwapa na miguu. Dakika 5. Blauzi ninayofundishia ilikuwa kwenye mfuko, imekunjwa kwa kuviringishwa ili isipate mikunjo. Kwenye kabati la ofisi naacha viatu vya kazi, pamba, poda na hijabu moja ya akiba. Viatu vya kazi visipande baiskeli kabisa, vinaisha soli mapema.

Juba au sketi ndefu inapandika vizuri kwenye baiskeli ya kike. Ndani vaa suruali nyepesi au taiti. Pindo la upande wa kulia, upande wa cheni, likusanye ulibane kwa kibanio cha nguo juu kidogo ya kifundo. Baiskeli nyingi za Kijapani zina kava la cheni, na zangu mbili zilikuja na wavu wa plastiki juu ya tairi la nyuma unaozuia nguo isiingie kwenye spoki. Wako ukiwa umevunjika, fundi anaweza kusuka mwingine kwa kamba za nailoni kutoka madigadi hadi ekseli. Hijabu ibane kwa pini pande zote mbili na ncha zake ziingie ndani ya nguo. Khanga iliyofungwa kiunoni isipande baiskeli. Mtandio uliowekwa begani bila kubanwa ni hatari zaidi, nimeuona ukiivuta shingo ya mwanafunzi wangu. Alipona, lakini sitasahau.

Kuhusu maneno ya watu. Wiki za mwanzo nilisikia "mwalimu mzima!" na vicheko vya hapa na pale. Nilichofanya ni kusalimia. Kila baraza ninayopita natoa salamu, shikamoo kwa wazee, hamjambo kwa watoto. Mwezi haukuisha nikawa mtu wa mtaa. Yupo bibi anayeuza vitumbua karibu na njia panda moja ya Mikanjuni, siku nikichelewa ananiuliza, "Leo umekawia mwanangu, kwema?" Naandika hili kwa sababu ni usalama pia. Mtaa unaokujua kwa jina na kwa saa unakulinda. Siku cheni ilipokatika jioni karibu na kwa bibi huyo, wajukuu wake ndio walioisukuma baiskeli hadi kwa fundi.

Ukiwa barabarani

Endesha kushoto, lakini usigande ukingoni kabisa mwa lami. Ukibana sana ukingo, magari yatakupita kwa kukusugua na wewe hutakuwa na pa kukimbilia isipokuwa mtaroni. Acha nafasi ya karibu mita moja kutoka ukingoni, mwendo ulionyooka, bila kuyumba. Dereva anamheshimu anayeonekana anajua anakokwenda.

Daladala ikiwa mbele yako inakaribia kituo, usiipite kwa kushoto, kwa sababu mlango uko huko na abiria wanaruka kabla haijasimama. Subiri nyuma yake. Ukiona itakaa, tazama nyuma, nyoosha mkono wa kulia, ipite kwa kulia ukiwa na nafasi. Bajaji zinasimama popote bila taarifa, kwa hiyo ukiifuata acha urefu wa baiskeli tatu. Lori ni jambo zito kuliko yote. Lori likisimama kwenye makutano usijipenyeze kushoto kwake, hata kama nafasi ipo. Likikata kona kushoto dereva hakuoni. Kama wewe huuoni uso wake kwenye kioo chake, naye hakuoni.

Kwenye kipilefti wengi hubana ukingo wa kushoto wakidhani ndiko salama, matokeo yake gari linalotoka linawakatia mbele. Mimi naingia katikati ya njia yangu kama gari dogo, nikitoa ishara ya mkono, mpaka nitoke. Kama kipilefti kinakutisha, shuka utembee. Hakuna aibu, na ni dakika mbili tu.

Breki zote mbili zifanye kazi, na ujue ni mkono gani unakamata tairi la mbele. Jizoeze kwenye uwanja mtupu kubana zote pamoja, ukirudisha makalio nyuma kidogo.

Mwezi wa saba, saa 12:30 asubuhi ndiyo kwanza jua linachomoza. Taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni lazima. Dainamo ni nzuri lakini ukisimama inazima, kwa hiyo nyuma nimeongeza taa ndogo ya kuchaji. Kengele iwepo. Spika za masikioni hapana, kabisa. Masikio ndiyo kioo changu cha nyuma.

Masika, upepo na chumvi

Mvua za masika, kati ya Machi na Mei, ndizo zinazowakatisha tamaa wengi. Mimi nina kopo. Kila mwezi natia humo 20,000 kutoka kwenye pesa ambayo zamani ilikuwa ya bodaboda, na siku mbingu zikifunguka nachukua nauli bila kujihesabia dhambi. Bila hilo kopo, siku ya mvua ilikuwa inanivuruga: ama naloana na kuchukia baiskeli, ama natumia pesa ya mboga. Manyunyu ya kawaida naenda nayo, na koti la mvua la kuvaa kwa kichwa linalofika magotini. Mwavuli usijaribu. Madaftari yaingie kwenye mfuko usiopitisha maji. Rimu ikiwa na maji breki inachelewa kukamata, kwa hiyo bana kidogo kidogo mapema kuikausha kabla hujaihitaji. Dimbwi usilolijua chini yake, lizunguke.

Upepo nao una kalenda yake. Wakati wa kusi, katikati ya mwaka, jioni narudi Kange nikiwa nimeukabili, na safari inaongezeka dakika 6 au 7. Kaskazi ikiingia, Desemba hivi, unanisukuma mgongoni hadi nyumbani. Asubuhi kwa kawaida umelala. Ukijua hivi hutadhani umedhoofika mwezi wa saba.

Hewa ya bahari inakula chuma. Jumamosi jioni naifuta cheni kwa kitambaa kikavu, nageuza pedali kinyumenyume huku nikidondosha tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila pingili, naacha kidogo, kisha nafuta yaliyobaki juu. Hatua ya mwisho ndiyo watu wanayoruka. Mafuta yanatakiwa ndani ya pingili. Yakibaki nje yanakamata mchanga, na mchanga na mafuta ni msasa. Kwa sababu hiyo hiyo sipaki grisi wala oili chafu ya gari kwenye cheni. Grisi ni ya gololi.

Pancha

Itakupata. Jifunze kuziba ukiwa nyumbani, umetulia, siku ambayo huna haraka.

Lakini kabla hujafungua tairi, chunguza valvu. Baiskeli zetu nyingi, Phoenix na za Kijapani, zina valvu yenye mpira mwembamba kama mrija ndani yake. Joto linaukausha, unapasuka, na tairi linashuka polepole kama lina pancha wakati tyubu ni nzima. Paka mate au povu la sabuni kwenye mdomo wa valvu. Likitoa mapovu, badilisha ule mpira. Unauzwa bei ya pipi, na mimi natembea na vipande vitatu kwenye pochi.

Kama si valvu, pindua baiskeli, toa upande mmoja wa tairi kwa mipini ya vijiko viwili bila kuing'ata tyubu. Ivute nje, jaza upepo, ipitishe kwenye beseni la maji, weka alama panapotoa mapovu. Kausha. Sugua kwa msasa eneo kubwa kuliko kiraka. Paka solusheni nyembamba, kisha subiri mpaka ukigusa hainati tena kidoleni. Kusubiri huku ndiko kunakotofautisha kiraka cha mwaka na kiraka cha siku mbili. Bandika, kandamiza kwa nguvu. Kabla ya kuirudisha tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote kutafuta mwiba au kipande cha kioo. Ukikiacha humo, kesho utaziba tena pembeni ya pale pale.

Ikitokea njiani asubuhi sijifanyi shujaa. Nasukuma hadi kwa fundi wa karibu, nalipa, naendelea. Ndiyo maana kwenye njia yangu najua mafundi wanne walipo na kila mmoja anafungua saa ngapi.

Kufuli nina mbili: ile ya duara iliyokuja na baiskeli, inayoshika tairi la nyuma, na mnyororo unaopita kwenye fremu na nondo ya dirisha la ofisi ya walimu. Namba ya fremu, iliyogongwa kwenye chuma karibu na siti au chini ya pedali, nimeipiga picha pamoja na risiti.

Mwenzangu wa somo la Kemia ameanza mwezi uliopita na baiskeli ya kaka yake, ya kiume, kubwa. Anasema mikono inamfa ganzi na goti la kulia linamuuma akifika. Nimeitazama: siti imeinamia mbele, na imeshushwa mpaka mwisho ili afike chini. Jumamosi saa 3 asubuhi tunakwenda kwa babu chini ya mwarobaini, tukaisawazishe siti na kuuliza kama anaweza kubadilishana na ya kike. Nimemwambia aje na ile juba anayovaa kazini, tuipime nayo.